Wembe Usiokata: Uhakiki wa Mchezo wa San Andreas

Wahenga walisema kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Waliosema hivyo hawakuwa wakatili. Walijua kwamba wembe una mwalimu ndani yake: mtoto akiushika vibaya utamkata, atalia, na tangu siku hiyo hatauomba tena mpaka ajue matumizi yake. Methali hii inasimama juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba wembe unakata. Je, tufanyeje mtoto anapolilia wembe ambao haumkati yeye aliyeushika? Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika insha hii.

Wembe tunaousema ni michezo ya video, ambayo vijana huiita gemu, na hasa ile iliyojengwa juu ya kuua na kunyang'anya. Hatuwezi kuihakiki yote. Tumechagua mmoja unaojulikana mno katika vibanda vya gemu vya miji yetu, uitwao kwa ukamilifu Grand Theft Auto: San Andreas. Watoto wetu huuita San Andreas tu. Ulitolewa Oktoba 2004 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2, na tangu Desemba 2013 huchezwa pia katika simu za mkononi. Ni mchezo wa umri wa zaidi ya miaka ishirini, lakini haujazeeka. Baba aliyeucheza akiwa kijana leo humkuta mwanawe akiucheza.

Jinsi tulivyoufikia

Hatukuufikia mchezo huu kwa hamu ya uhakiki. Tuliufikia kwa hasira. Tulikuwa tukikagua daftari la hesabu la mjukuu wetu, mwanafunzi wa darasa la tano, tukakuta kurasa zake za nyuma zimejaa safu za alama: L1, R1, mduara, pembetatu, mraba, kisha tena L1, kulia, kushoto. Kwanza tulidhani ni kanuni mpya za hesabu. Tulipomwuliza, aliinamisha kichwa akatueleza kwamba hizo ni kodi. Mchezaji akizibofya kwa mfululizo huo, hupewa bunduki zote, au fedha, au polisi huacha kumfuata. Alizijua nyingi kwa moyo, na baadhi zilikuwa na alama zaidi ya kumi. Mtoto huyo huyo alikuwa amepata alama chache sana katika jedwali la kuzidisha.

Utumishi wa serikali umetuzoeza kuandika barua. Usiku ule ule tuliandika rasimu ya barua kwa viongozi wa mtaa, tukitaka kibanda anachokwenda kifungwe. Asubuhi tulipoisoma tena, aibu ilitushika. Sisi watunzi wa mashairi hulalamika tukisikia mtu akiukashifu utenzi ambao hajausoma beti hata moja. Sasa sisi wenyewe tulikuwa tumeandika hukumu juu ya kazi ambayo hatujaiona. Basi tuliiweka barua ile kando, na kwa jioni tatu tukaenda kuketi kwenye benchi la kibanda, pembeni mwa mjukuu wetu. Vijana walitupa shikamoo zao, wakatupisha nafasi, na kijana mwenye kibanda akatuletea kiti chenye mgongo. Jioni ya tatu sisi pia tuliishika pedi.

Katika kuusema mchezo huu tutatumia mizani ile ile wanayoitumia wanafunzi wetu wa sekondari katika kuhakiki riwaya na tamthilia, yaani fani na maudhui. Hatuoni sababu ya kuunda mizani nyingine. Mchezo huu una hadithi, una wahusika, una mandhari, na una jambo unalolisema.

Fani yake

Mandhari ya mchezo ni jimbo la kubuni la Marekani lenye miji mitatu. Los Santos umefinyangwa kwa mfano wa Los Angeles, San Fierro kwa mfano wa San Francisco, na Las Venturas kwa mfano wa Las Vegas. Kati ya miji hiyo kuna milima, mashamba, jangwa na bahari. Waliolitengeneza jimbo hili wengi wao si Wamarekani, kwa kuwa kampuni yenyewe, Rockstar North, iko Edinburgh, katika Uskoti. Lakini ustadi wao haukanushiki. Mchezaji huenda atakako. Hupanda baiskeli, huogelea, huendesha gari huku akibadilisha stesheni za redio, na jua humchwea njiani. Kwa sehemu kubwa ya jioni ya kwanza mjukuu wetu hakuua mtu. Alizunguka na baiskeli kutoka ufukweni mpaka milimani, akafurahi kama tulivyofurahi sisi tulipopata baiskeli yetu ya kwanza. Mhakiki anayeficha jambo hilo hasemi kweli.

Iko tofauti moja ya fani inayoutenga mchezo huu na kazi nyingine za sanaa. Msomaji wa riwaya husoma habari za muuaji. Mtazamaji wa tamthilia humwona muuaji akiua. Katika San Andreas, kidole gumba cha mchezaji ndicho kinachoua. Asipobofya, hakuna kinachotokea. Mtoto ametolewa katika kiti cha hadhira, amepandishwa jukwaani, na amekabidhiwa bunduki. Tofauti hii ndiyo tunayoiweka mbele ya walimu, kwa kuwa mtu akiipuuza atadhani kwamba anahakiki filamu.

Maudhui yake

Hadithi inaanza mwaka 1992. Kijana mweusi aitwaye Carl Johnson anarudi Los Santos baada ya kukaa mbali kwa miaka mitano, kwa sababu mama yake ameuawa. Anafika nyumbani, anakwenda makaburini, anagombana na ndugu zake, na anaukuta mtaa wake umekwisha kuharibiwa na dawa za kulevya. Polisi mmoja mla rushwa, Tenpenny, anamshika shingoni na kumtumikisha. Mwishoni polisi huyo anashtakiwa na kuachiwa, na mji mzima unalipuka kwa ghasia. Hapo mtunzi anaelekeza kidole kwenye historia ya kweli, kwani Los Angeles ililipuka kwa ghasia mwaka 1992, baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiwa na mahakama.

Tunakiri kwamba tulipoielewa hadithi hiyo tulishangaa. Hapa kuna dhamira nzito: udugu unaovunjika, umaskini, dola inayowaonea wanyonge, na mtu anayetaka kutoka katika ujambazi huku ujambazi ukimvuta nyuma. Aidha, mchezo mzima ni kejeli juu ya Marekani, juu ya matangazo yake ya biashara, wanasiasa wake na pupa yake ya fedha. Mtu mzima ajuaye Kiingereza na ajuaye historia ile anaweza kuihesabu kuwa kazi ya sanaa, nasi hatutabishana naye.

Lakini mjukuu wetu hakuyaona hayo hata kidogo. Hadithi husimuliwa katika vipande vya maigizo vinavyokuja kati ya kazi moja na nyingine, kwa Kiingereza cha mitaani ambacho hata sisi kilitushinda mara nyingi. Kila kipande kilipoanza, mjukuu wetu alibofya kitufe kukiruka. Msiba wa mama aliuruka, na ugomvi wa ndugu aliuruka pia. Tulipomwuliza kwa nini Carl amerudi nyumbani, alitutazama kwa mshangao, akasema, "Sijui, babu. Mimi nataka kupiga tu." Watoto wote walioketi benchini walikuwa hivyo hivyo. Kejeli ilibaki katika lugha yake, dhamira ikabaki katika historia yake, na kilichowafikia watoto wetu ni bunduki, gari na fedha. Mchezo ulikuwa umevuliwa maudhui yake, ukaja uchi.

Tuangalie basi kile kinachobaki baada ya hadithi kurukwa. Mpita njia akiuawa, fedha huanguka kando ya mwili wake, na mchezaji huziokota. Polisi wakiona, nyota hutokea pembeni mwa kioo, nazo huweza kufika sita kadiri makosa yanavyozidi. Lakini mchezaji akiliingiza gari lake katika karakana ya kupaka rangi, hutoka akiwa na gari la rangi nyingine na nyota zake zimeondoka. Akiuawa yeye mwenyewe, huzinduka nje ya hospitali akiwa amepungukiwa fedha kidogo na silaha zake, kisha huendelea na safari.

Wakati huo huo mchezo huu unajua sana kuonyesha matokeo ya matendo pale unapotaka. Carl akila mno hunenepa, akashindwa kukimbia vizuri. Akizidisha sana hutapika. Akifanya mazoezi, misuli yake hujaa. Watengenezaji walichukua taabu kubwa ili mwili wa mlafi ubebe kumbukumbu ya ulafi wake. Hawakuchukua taabu hiyo kwa muuaji. Ulafi hubaki mwilini, bali mauaji hufutwa kwa rangi ya gari. Hilo ndilo kosa kubwa la maudhui tunaloliona. Kwa mtoto ambaye hajafahamu uzito wa mambo, mpango wa adhabu na thawabu ndiyo hadithi yenyewe.

Je, sanaa yetu haina damu?

Msomaji anaweza kutupinga hapa, na ana haki. Atasema kwamba utamaduni wetu nao umejaa damu. Ni kweli. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa mwaka 1728, ni utenzi wa vita. Katika mwambao wetu kuna ngoma ya kirumbizi, ambapo watu hushindana kwa fimbo katikati ya duara. Ngano tulizosimuliwa na bibi zetu zina mazimwi yanayomeza kijiji kizima. Na Mwalimu Nyerere alipoitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, tafsiri iliyotoka mwaka 1963, hakuiondoa damu. Kaizari anachomwa visu jukwaani, na vijana wa shule wameisoma.

Basi hatuwezi kusema kwamba San Andreas ni mbaya kwa kuwa ina damu. Tukisema hivyo itatubidi tuzichome ngano zetu pia. Yatupasa tuulize damu ile inafuatwa na nini. Kaizari akisha kufa, tamthilia haiendelei na shughuli nyingine. Bruto anasimama mbele ya watu kujieleza, Antoni anasimama juu ya maiti na kusema, mji unawaka, na waliomuua hawapati raha mpaka kufa kwao. Zimwi katika ngano linapasuliwa tumbo, na watu wote liliowameza wanatoka wakiwa hai. Wapiganao kirumbizi wamezungukwa na watu wanaowajua, na ngoma ndiyo inayowatawala. Kila mahali mauti au pigo lina wenyewe na lina maana kwa jamii. Kwa lugha yetu ya kila siku, marehemu ana matanga.

Katika kibanda tuliona jambo lililo kinyume. Jioni ya pili mjukuu wetu alimpiga risasi mwanamke aliyekuwa akipita zake kando ya barabara, akaokota fedha, akaondoka. Watoto wakacheka. Tukamwuliza, "Huyo alikuwa nani?" Akajibu bila kugeuza macho, "Si mtu, babu. Ni wa gemu."

Hoja za wanaoutetea

Jibu lile lilitusumbua usiku kucha, kwa sababu lilikuwa sahihi. Mtoto alijua kwamba mchezo ni mchezo. Hofu tuliyokuwa nayo tulipoandika barua, kwamba atatoka kibandani na kuwa muuaji, haikuwa na msingi. Wataalamu nao hawaiungi mkono hofu hiyo. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2015 na kulifafanua mwaka 2020. Chama hicho kilisema kwamba upo uhusiano mdogo lakini wa kuaminika kati ya michezo hii na ukali wa tabia, kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuilaumu kwa mauaji na uhalifu mkubwa. Yeyote anayewaambia wazazi zaidi ya hayo anawatisha bure.

Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani nayo iliitupa, mwaka 2011, sheria ya jimbo la California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya ukatili. Majaji saba walikubaliana na uamuzi huo na wawili wakaupinga. Jaji Scalia, aliyeiandika hukumu, alikumbusha kwamba hata ngano za kale za Ulaya wanazosomewa watoto zina ukatili wa kutisha. Tunaiheshimu hoja hiyo, kwani ni ile ile tuliyokwisha kuitoa juu ya mazimwi yetu. Ila ngano husimuliwa na mtu. Bibi yetu alipofika mahali pa kutisha alishusha sauti, akatutazama machoni, akatuvuta karibu. Kama mmoja wetu alianza kulia, zimwi lilikufa mapema usiku ule. San Andreas haimwoni anayeicheza. Haijui kama ana miaka tisa au arobaini.

Ndiyo maana hata huko ilikotoka mchezo huu haukuachwa bila alama. Bodi ya kukadiria michezo ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1994, iliupa alama ya miaka 17 na kuendelea. Utaratibu wa Ulaya uitwao PEGI, ulioanza mwaka 2003, uliupa alama ya miaka 18. Alama hizo huchapwa kwenye jalada. Katika kibanda chetu hatukuona jalada lolote. Diski zilikuwa nakala zilizodurufiwa, zimeandikwa majina kwa kalamu ya wino, zimepangwa katika kopo la maziwa. Mchezo ulisafiri mpaka kwetu, lakini onyo lake likaachwa njiani. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilipotungwa, filamu zilikuwa mikanda iliyofika katika majumba ya sinema, na haikuweza kumwaza mtoto mwenye pedi mkononi. Hivyo mlinzi aliyebaki ni mlezi.

Hukumu yetu

Tunasema, basi, kwamba San Andreas haufai kwa mtu aliye chini ya miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja kuwa mwisho wa utoto. Tunakubaliana na alama ya Ulaya, lakini tuna sababu yetu ya ziada. Mtoto wa Edinburgh anayeucheza kinyume cha alama huenda akaambulia angalau chembe ya kejeli yake. Mtoto wetu hupewa kitendo kisicho na neno. Hatusemi kwamba atakuwa muuaji. Tunasema kwamba saa nyingi za utoto wake anafanya mazoezi ya kutouliza "Huyo alikuwa nani?" Na utamaduni wetu, kuanzia salamu za asubuhi mpaka matanga, umejengwa juu ya swali hilo.

Hatusemi kibanda kifungwe. Humo humo tuliona watoto wakicheza mpira wa miguu wa video, wakibishana, wakipeana zamu, wakihesabu magoli na kuchekana kwa wema. Zaidi ya hayo, mchezo huu sasa umo katika simu, na simu imo katika mfuko wa mzazi. Kibandani mtoto anaonekana na watu. Chini ya shuka haonekani na yeyote. Barua yetu tuliichana. Badala yake tulizungumza na kijana mwenye kibanda, tukamwomba mambo matatu: asiwape watoto wa shule San Andreas na mfano wake, abandike ukutani orodha ya michezo na umri wake kwa Kiswahili, na asimpokee mwanafunzi saa za masomo. La tatu alilikubali pale pale. La pili alisema atalifikiri. La kwanza alituambia kwa adabu, "Mzee, huo ndio unaolipa kodi ya pango." Hatukuwa na jibu siku ile, na mpaka tunaandika insha hii mazungumzo yanaendelea.

Kwa walimu tunatoa shauri moja. Wanafunzi wengi wa sekondari watakaosoma kurasa hizi wamekwisha kuucheza mchezo huu au wenziwe, na kuwafokea hakutafuta walichokiona. Wafundisheni kuuhakiki. Waulizeni mhusika anataka nini, anapewa thawabu kwa tendo gani, anayekufa analiliwa na nani, na hadithi ingekuwaje kama ingetokea katika mtaa wao. Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali hayo juu ya riwaya anaweza kuyajibu juu ya gemu. Na ninyi vijana mliofikia umri, mkiucheza, msiiruke hadithi. Kaeni makaburini pamoja na Carl mpaka maneno yaishe.

Mjukuu wetu alituuliza lini atakuwa na ruhusa. Tulimjibu kwamba akifika miaka kumi na minane, na kama Mungu atatupa uhai, tutaucheza pamoja tangu mwanzo, na yeye atatufasiria Kiingereza chake. Kwa sasa baiskeli ya kweli imetengenezwa mnyororo, na jioni huwa tunamsikia akipiga kengele barabarani. Tunamaliza kwa beti moja tuliyoitunga kwa ajili yake:

Wembe akiulilia, mwache wembe umkate,
Uchungu ukimwingia, ndipo akili apate,
Wa kioo twawambia, haukati siku zote,
Walezi twawausia, mkonowe mkamate.